Mnazi wa Huyu, Kiwanja cha Yule: Mali na Umiliki kwenye Kijiji cha Pwani ya Indonesia

Ukisimama ufukweni kwenye kijiji cha wavuvi huko Sulawesi au Maluku ukauliza hapa ni kwa nani, jibu litakuja kwa vipande. Nyumba ni ya mama fulani. Kiwanja kilicho chini yake ni cha ukoo wa mumewe. Minazi miwili ya uani ilipandwa na babu wa jirani, na wajukuu wa babu huyo ndio wanaokuja kuangua kila baada ya miezi mitatu. Kipande cha bahari mbele ya nyumba, penye chupa za plastiki zinazoelea, ni cha kijana wa mtaa wa pili aliyewahi kufunga kamba zake hapo. Na faili la ardhi katika ofisi ya wilaya, kama lipo, lina jina la mtu aliyefariki zamani.

Msomaji wa pwani yetu hatashangaa sana. Unguja na Pemba mtu huweza kurithi minazi au mikarafuu iliyosimama juu ya ardhi isiyo yake, na Mombasa ipo mitaa mizima ya nyumba bila ardhi, mwenye nyumba akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Indonesia mambo haya yamekwenda mbali zaidi, kwa sababu nyumba yenyewe inaweza kuhama na bahari nayo hugawanywa. Karatasi ya serikali huona kipande kimoja tu, yaani ardhi, na hapo ndipo watu wengi wanapoponzwa.

Tuanze na nyumba. Wabugis wa Sulawesi Kusini hujenga nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo. Nguzo hazizikwi ardhini, hukaa juu ya mawe bapa, moja kwa kila nguzo. Boriti hupitishwa kwenye matundu yaliyochongwa ndani ya nguzo na kubanwa kwa kabari za mti, kwa hiyo fremu nzima hushikana yenyewe. Uvunguni hukaa mtumbwi, nyavu, kuku na pikipiki. Watu huishi katikati. Darini huwekwa mpunga na vitu vya thamani. Nyumba ya namna hii haijafungamana na kiwanja hata kidogo. Huuzwa peke yake, na mnunuzi huifungua nguzo kwa nguzo, akaipakia kwenye lori au chombo na kuisimamisha kwingine. Au huhamishwa nzima nzima.

Kazi hiyo ya kuhamisha huitwa mappalette bola, na huonekana hasa vijijini, kwenye wilaya kama Barru na Pangkep. Kwanza vyombo vya kuvunjika hushushwa, na vitu vizito vinavyobaki hufungwa kwenye nguzo ili visiyumbe. Mianzi minene hufungwa mlalo kwenye nguzo, usawa wa bega, ikatokeza nje pande zote. Kisha wanaume wa kijiji, makumi kwa makumi, mara nyingi baada ya sala ya Ijumaa, hujipanga chini ya mianzi, na mzee mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kutoa amri. Sauti ikiwa moja, nyumba hunyanyuka sawasawa. Sauti zikiwa mbili, upande mmoja hutangulia, maungo hupindwa, na boriti hupasuka palepale kwenye tundu la nguzo, mahali ambapo hapana kiraka cha maana. Kwa safari ndefu huwekwa magurudumu chini ya nguzo na watu wakasukuma. Wanawake hupika samaki na vitumbua, na hakuna anayelipwa: deni hurudishwa siku nyumba ya mwingine itakapohama.

Naona hili ni muhimu kuliko linavyopewa uzito. Mtu anayeweza kuondoka na nyumba yake hawezi kutishwa kirahisi na mwenye kiwanja. Wakigombana, atabeba makazi yake na kumwachia mawe. Hali hubadilika siku anapopata fedha kidogo, tuseme mtoto ametuma kutoka Tawau huko Sabah, Malaysia, wanakokwenda Wabugis wengi kufanya kazi, akaamua kuziba uvungu kwa matofali, kumwaga sakafu ya saruji na kujenga choo cha kudumu. Nyumba inapendeza, joto linazidi, na mali yake yote sasa imegandishwa kwenye ardhi ambayo hana karatasi yake. Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji, suala la kiwanja linapaswa kuwa limekwisha. Wengi hulikumbuka baadaye.

Kwa Wabajo, watu wa baharini wa Wakatobi, Gorontalo na kwingineko, hata kiwanja hakipo. Nyumba za Mola huko Wangi-Wangi, au Sampela karibu na Kaledupa, zimejengwa juu ya maji. Nguzo ni miti ya mikoko au mbao ngumu, na baadhi ya nyumba zimekaa juu ya vifusi vya mawe ya matumbawe vilivyopangwa kwa mkono. Nguzo haiozi sawasawa kotekote. Sehemu inayokuwa ndani ya maji wakati wa kujaa na juani wakati wa kupwa ndiyo inayokwisha kwanza, pamoja na ile inayotobolewa na wadudu wa baharini. Wakati mzuri wa kubadilisha ni maji ya bamvua yakipwa kabisa: boriti hupigiwa mhimili wa muda, nguzo mbovu hukatwa, mpya huchomekwa, moja moja, na nyumba inaendelea kukaliwa. Ukizibadilisha mbili za upande mmoja kwa pamoja, sakafu huinama na kuta za ubao hufunguka.

Matumbawe yana gharama yake. Jiwe linalochimbwa kwenye mwamba ili kujaza msingi ni lilelile lililokuwa likivunja mawimbi kabla hayajafika kwenye nguzo. Kila familia ikichimba kidogo, bahari husogea karibu kwa wote. Vilevile maji ya kunywa hutoka nchi kavu, kwa bomba pale lilipofika, au kwa madumu ndani ya mtumbwi, na anayedhibiti kisima ana usemi juu ya kijiji kizima hata kama hana nyumba pale.

Kwa muda mrefu sheria haikujua la kufanya na makazi haya. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya mwaka 1960 iliandikwa kwa ajili ya nchi kavu. Ni kanuni ya Wizara ya Ardhi ya mwaka 2016 iliyofungua mlango wa kutoa haki juu ya makazi yaliyo kwenye maji ya pwani, ikiwemo jamii za asili zinazoishi hapo. Mlango ni mwembamba, lakini upo, na vijiji vya Wabajo vina haki ya kuubisha.

Sasa minazi. Kwenye visiwa vingi vya mashariki, mti ni mali inayojitegemea. Ukoo au kijiji, ambacho Maluku huitwa negeri na huongozwa na mtu mwenye cheo cha raja, ndio wenye eneo. Aliyepanda mti ndiye mwenye mti, na watoto wake baada yake. Ndiyo maana mgeni anayeazimwa kipande cha kulima huambiwa wazi: panda mihogo, panda mahindi, usipande mnazi. Muhogo huondoka ndani ya mwaka. Mnazi husimama miaka sitini, na baada ya vizazi viwili hakuna atakayekumbuka kwamba ardhi ilikuwa ya kuazima. Wenyeji wanaoruhusu minazi bila masharti mbele ya mashahidi hujitafutia kesi kwa ajili ya wajukuu wao.

Mapato ya mnazi ni mbata. Nazi zilizokomaa huanguliwa, hufuliwa makumbi, hupasuliwa na kukaushwa juu ya kichanja cha mianzi, moto ukitokana na makumbi na vifuu vyenyewe. Kilo moja ya mbata hutaka nazi kama 4 hadi 6, kutegemea aina na ukubwa. Unyevu unatakiwa ushuke hadi karibu asilimia 6. Anayeharakisha kwa moto mkali hupata nyama iliyoungua nje na mbichi ndani. Ikikaa ghalani hushika ukungu, na mnunuzi huipunguzia bei kwa kilo, kwa kukadiria tu kwa macho na vidole. Mwenye mti, mkwezi na anayekausha hugawana, na mgawo hujulikana kijijini bila kuandikwa.

Wizi wa nazi changa ndio unaoharibu kila kitu, kwa sababu anayeogopa kuibiwa huangua mapema, na nazi isiyokomaa ina mafuta kidogo. Maluku dawa yake ni sasi. Kijiji hutangaza kufunga, alama za makuti mabichi hufungwa, na tangu siku hiyo hata mwenye mnazi haruhusiwi kugusa nazi zake hadi sasi ifunguliwe. Walinzi wake huitwa kewang, nao hutoza faini. Sasi hufungwa baharini pia, kwa majongoo ya bahari na kwa samaki. Kisiwani Haruku kuna sasi ya lompa, samaki wadogo wa jamii ya dagaa wanaoingia mto Learisa Kayeli. Hufungwa wangali wadogo na kufunguliwa kwa pamoja wakishakua, kijiji kizima kikiingia mtoni. Kewang wa Haruku walipewa tuzo ya taifa ya mazingira, Kalpataru, mwaka 1985. Mnunuzi wa kiwanja kutoka Ambon au Jakarta anayedhani hati yake inamwondoa kwenye sasi atajua siku ya kwanza atakapotuma mtu kuangua nazi.

Kwenye maji, mali kubwa siku hizi ni mwani. Mkulima wa Paje au Jambiani anafahamu mambo ya kamba na vigingi kwenye maji ya kupwa na kujaa, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Indonesia wengi hutumia kamba ndefu zinazoelea kwenye maji ya kina zaidi, zikiwa zimeshikiliwa na nanga pembeni na chupa tupu kama maboya, na hulima zaidi ile aina ya kotonii ambayo Zanzibar imekuwa ikifa kwa joto la maji mafupi. Chukua kamba ya mita 50. Mbegu hufungwa kila sentimita 20, kwa hiyo vishada kama 250. Kila kishada kikiwa na gramu 50, kamba imebeba kilo 12 na nusu za mbegu. Baada ya siku 45, ikiwa imekua mara sita, utatoa kilo 75 za mwani mbichi, na kwa kuwa kilo 8 mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, kamba nzima inakupa kilo 9 au 10. Ndiyo maana familia haiishi kwa kamba kumi.

Kinachoharibu ni ugonjwa wa kuwa mweupe. Maji yakipata joto sana, au mvua kubwa ikipunguza chumvi, matawi hupauka, hulainika na kukatika. Ukiona weupe kwenye kamba chache, vuna mara moja hata kama siku hazijatimia; ukisubiri wiki, utavuna kamba tupu. Kosa la pili hufanyika nchi kavu: kuanika juu ya mchanga badala ya kichanja. Mchanga huongeza uzito, mnunuzi analijua hilo, na kijiji kizima hupewa bei ya mwani mchafu.

Na eneo la kamba ni la nani? Kwa kawaida ni la aliyetangulia kufunga, maadamu analitumia. Huazimwa, hukodishwa, hurithiwa, na sehemu nyingine huuzwa, bila hati yoyote. Mwaka 2007 Bunge la Indonesia lilipitisha sheria iliyoruhusu haki za kibiashara juu ya maji ya pwani, haki ambazo kampuni zingeweza kununua. Mashirika ya kiraia pamoja na wavuvi yalikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2011 vifungu hivyo vikafutwa, kwa msingi kwamba maji ya pwani hayawezi kukatwa viwanja na kupewa wenye fedha, wenyeji wakatolewa. Nadhani ni mojawapo ya hukumu bora kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu watu wa pwani.

Haki isiyo na karatasi si haki hewa, na ushahidi upo. Tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha mafuta cha Montara kililipuka kwenye bahari ya Australia, na mafuta yakasambaa hadi Rote na Kupang, Nusa Tenggara Mashariki, ambako mwani ulikufa. Wakulima zaidi ya 15,000 walijiunga kwenye kesi moja huko Australia. Hakuna aliyekuwa na hati ya bahari. Walichothibitisha ni kwamba walilima, walivuna kiasi gani, na mafuta yalifika. Mwaka 2021 mahakama ilikubaliana na mkulima aliyetangulizwa kwa niaba ya wenzake, na mwaka 2022 kampuni yenye kisima hicho ikakubali kulipa dola za Australia milioni 192.5. Somo la kiutendaji kwa kikundi chochote cha mwani, cha huko au cha Unguja, ni daftari: tarehe ya kufunga, idadi ya kamba, kilo zilizouzwa, jina la mnunuzi.

Mnunuzi mwenyewe, kwenye Sulawesi, mara nyingi ni punggawa, tajiri anayetoa mkopo wa kamba, mashine ya boti na mchele wa msimu mbaya. Anayekopa humuuzia yeye tu, kwa bei yake. Sheria ya mwaka 1964 inasema mabaharia wa chombo cha tanga wapate angalau asilimia 75 ya pato halisi, na wa chombo cha injini asilimia 40. Punggawa huondoa kwanza mafuta, barafu, chakula na deni, na "pato halisi" huwa ni kile kilichobaki baada ya hesabu yake. Chombo kinaweza kuwa na jina la mvuvi ubavuni na bado kikawa mali ya deni.

Tufike kwenye karatasi za ardhi, ambako makosa ni ghali. Tanzania halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Indonesia mkuu wa kijiji hana uwezo huo. Anachotoa ni barua ya kuthibitisha kwamba fulani anakalia kiwanja fulani, iitwayo SKT. Hati hutolewa na ofisi ya ardhi ya serikali kuu, BPN, na haki iliyo kamili ni Hak Milik. Risiti za kodi ya ardhi, ambazo watu hutunza kwenye mfuko wa plastiki kama dhahabu, zinaonyesha nani alilipa kodi, basi. Wapo wanaonunua kiwanja kwa risiti na SKT tu, halafu wakagundua kwamba mkuu wa kijiji aliyepita alimwandikia mtu mwingine SKT ya kiwanja hichohicho.

Familia isiyo na karatasi za zamani inaweza kutumia kanuni ya mwaka 1997: kukalia ardhi kwa miaka 20 mfululizo, kwa nia njema, bila kupingwa, kukiwa na mashahidi wanaoaminika. Huandika tamko la umiliki, huweka vigingi vya zege, chuma au mti mgumu kwenye pembe, na majirani wa kila upande husaini mbele ya mpimaji. Hapo ndipo mambo hukwama. Mpaka wa zamani ulikuwa mnazi, na mnazi ulianguka. Jirani yuko Malaysia. Au kiwanja ni cha marehemu, na warithi wote wanatakiwa kusaini. Ndugu mmoja aliyeko mjini akisusa, faili hulala. Baada ya upimaji matokeo hutangazwa, siku 14 kwa upimaji wa eneo zima na siku 30 kwa maombi ya mtu mmoja. Nendeni mkasome tangazo hilo ukutani. Hati ikishatoka na miaka mitano ikapita, na mwenye hati aliipata kwa nia njema na anaikalia ardhi, mlango wa kuipinga umefungwa.

Njia rahisi ni mpango wa kupima vijiji vizima, PTSL, ulioanza mwaka 2017. Serikali hugharimia upimaji. Mwananchi hulipia maandalizi ya nyaraka, vigingi na stempu, Rupia 150,000 huko Java na Bali, hadi 450,000 Maluku, Papua na Nusa Tenggara Mashariki. Ukiombwa zaidi, uliza ni ya nini na udai risiti. Wenye karatasi za kimila za zamani, zile za girik na wenzake, walipewa miaka mitano ya kusajili, na muda huo uliisha tarehe 2 Februari 2026. Karatasi hizo sasa ni kielelezo cha kuongozea tu, si uthibitisho wa umiliki, kwa hiyo nguvu ya dai imehamia kwenye ukaaji na mashahidi. Wazee wanaokumbuka mipaka waandikwe maneno yao wangali hai.

Kwa mnunuzi: mauzo husainiwa mbele ya PPAT, ofisa wa hati za ardhi, au mkuu wa tarafa pale ambapo PPAT ni wachache. Muuzaji hulipa kodi ya asilimia 2.5, mnunuzi hadi asilimia 5 ya kiasi kinachozidi kile kilichosamehewa. Mita 100 kutoka alama ya juu ya maji kujaa ni ukanda wa hifadhi ya ufukwe (Tanzania ni mita 60), na nyumba za wavuvi nyingi zimo ndani yake. Kwa hiyo kiwanja "cha ufukweni" kinachouzwa kwa bei kubwa kinaweza kuwa kisichopatiwa hati. Mgeni hawezi kumiliki Hak Milik. Anayeficha ununuzi nyuma ya jina la mwenyeji anavunja kifungu cha 26 cha sheria ya 1960: mauzo ni batili, ardhi huangukia serikali, na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa. Lipo jambo halali kwa mgeni mkazi, haki ya matumizi ya miaka 30 yenye nyongeza, na hilo ndilo la kuomba.

Karatasi huweza pia kutangulia mahali ambapo hapana ardhi. Januari 2025 ilibainika kwamba baharini mbele ya Tangerang, karibu na Jakarta, kulikuwa na uzio wa mianzi wa kilomita 30.16, na ndani ya eneo hilo hati 263 za haki ya kujenga na 17 za Hak Milik. Wavuvi walikuwa wakizunguka uzio huo kufika kwenye maji yao. Jeshi la Wanamaji liliung'oa, na wizara ikaanza kufuta hati.

Kinyume chake ni Demak, Java ya Kati. Huko Timbulsloko, kwenye tarafa ya Sayung, ardhi inadidimia na bahari imeingia mashambani. Mikoko ilikuwa imekatwa kupisha mabwawa ya samaki. Watu wameinua sakafu tena na tena hadi milango imekuwa mifupi, na wanatembea juu ya njia za mbao. Wapo wenye hati kamili za mashamba ambayo sasa ni bahari. Sheria ya 1960 inasema haki hufa ardhi ikitoweka, na kanuni ya mwaka 2021 inampa mwenye hati nafasi ya kwanza ya kuifukia na kuirejesha, kazi ambayo mkulima hana fedha zake. Barabara ya kulipia ya Semarang hadi Demak ilipopangwa kupita hapo, wenye hati walidai fidia kama ya nchi kavu. Serikali ilizihesabu kuwa ardhi zilizotoweka, na malipo yaliyowekwa ni ya kifuta jasho, chini ya fidia kamili. Aliyeko kwenye pwani inayodidimia na bado ana nchi kavu chini ya miguu yake apige picha za mipaka kila mwaka wakati wa bamvua, atengeneze vigingi vinavyoonekana, na asiache kulima hata kipande kidogo, kwa kuwa swali la kwanza ofisini litakuwa kama ardhi hiyo bado inatambulika na kutumika.